Dirisha Lilipong'olewa Cwm Eithin

Maktaba ya Cwm Eithin, mji wetu wa migodi kule Wales, waliijenga wachimba makaa wenyewe, kwa makato ya mishahara yao, na baba yake Ceinwen Prosser alibeba mawe ya ukuta wake. Msiniambie habari za tajiri aliyetoa sadaka; pale hakutoa hata mmoja. Ceinwen alipopata kazi ya kuazimisha vitabu, bado msichana, mji mzima ulisema mtoto kaingia kwao.

Enzi hizo msomaji haruhusiwi kugusa rafu. Anasimama kwenye dirisha la kuazimia, lililotenga watu na rafu, anataja kitabu, Ceinwen anapanda ngazi, anashuka nacho. Aliifanya kazi hiyo mpaka mvi zikamtoka, akaipenda, akanenepa kidogo kwa mikate ya zabibu aliyoletewa na wasomaji. Hakuolewa, wala hakujuta. Wanaume wawili walimposa, lakini wote walikuwa wakirudisha vitabu vina madoa ya chai. Mtu wa namna hiyo utamweka wapi?

Sasa, nyuma ya msomaji kuna foleni, na kwenye foleni kuna majirani, na majirani wa Cwm Eithin wana masikio, jamani! Ukitaja kitabu dirishani Ijumaa, Jumapili kanisa zima linakijua. Kwa hiyo watu waliazima mahubiri. Mahubiri na maisha ya wamishonari. Maskini Ceinwen, aliamini kabisa kwamba Wales nzima hakuna mji wa wacha Mungu kama wao.

Ndipo kamati ikasikia kuwa miji mingine imeng'oa madirisha, watu wanajichagulia rafuni. Mwenyekiti, Bwana Howell Beynon, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuamsha wafu, akamwita.

"Dada Ceinwen, tutajaribu Jumamosi. Watu wakijichukulia wenyewe, mpanda ngazi wa nini tena? Wakishindwa, tunarudisha dirisha na wewe unabaki."

Ceinwen akaitikia kwa adabu, akaenda nyumbani, akalia jikoni mpaka chai ikapoa.

Jumamosi watu wakamiminika, kisha wakasimama katikati ya rafu, kofia mkononi, wakikohoa. Kamati nzima ilikuwa imeketi mlangoni, vifua mbele, ikitazama. Nani athubutu? Bibi Beti Rees, mjane wa mchungaji, alizunguka weee, mwisho akachukua mahubiri yale yale anayoyajua kwa moyo.

"Mnaona?" Bwana Beynon akanong'ona, na mnong'ono wake ulifika barabarani. "Hawawezi."

Ceinwen angenyamaza tu, kazi yake ingepona. Lakini alikuwa amekiona kidole cha Bibi Beti kikipapasa mgongo wa hadithi moja ya mauaji, kikaondoka, kikarudi. Akaona uchungu. Miaka yote ile kumbe alikuwa akiwashushia watu vitabu wasivyovitaka! Akaenda mlangoni.

"Waheshimiwa, chai iko tayari chini. Itapoa."

Wakashuka. Akafunga mlango, akamsogelea bibi.

"Mama, unataka nini hasa?"

"Mwanangu... kipo kile ambacho mtu anauawa?"

"Kipo cha sumu na kipo cha kisu."

"Nipe cha sumu. Cha kisu nitakifuata Jumanne."

Weee! Kama aliyefungua zizi. Idris, bondia wetu, mwenye pua iliyovunjika mara mbili, akaulizia kitabu cha kupanda mawaridi. Waliosalia hawakuuliza hata, walijichukulia tu kwa mikono miwili.

Kamati iliporudi, rafu zilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba.

"Kumbe wanaweza," alisema Bwana Beynon. "Basi imekwisha, dada. Pole sana."

Ceinwen alisema asante. Watu wakatawanyika, kamati ikaondoka. Alikuwa anavaa koti lake, moyo mzito, lakini hakujuta, alipoona mwenyekiti bado amesimama pale, anachezea kofia. Sauti yote ilikuwa imemkauka.

"Dada Ceinwen. Vile vya mapenzi..."

"Rafu hiyo nyuma yako, bwana. Siku hizi mtu anajichukulia."

"Usinitese, dada. Viko vingi mno. Nitajuaje kipi kinaishia kwa harusi?"

Ceinwen akamtazama. Akavua koti, akapanda ngazi, akamshushia.

"Na Jumatatu je?" akauliza, kitabu bado mkononi mwake.

"Jumatatu uje mapema," alisema Bwana Beynon, akikisokomeza ndani ya koti. "Mke wangu naye atakuja kukuuliza kipi achague. Hiki usimwambie."