Nadhiri ya Jirani Yetu

Sisi watu wa Unguja hatujui kumwambia mtu kuwa amefiwa. Tunaficha. Baba yangu alipofariki Sur, mji wa pwani wa nchi ya Maskati tulikohamia, mimi nilikuwa nasomesha Nizwa, mbali na nyumbani, nikaletewa habari kuwa ana homa kidogo na anataka kuniona. Nilifika nyumbani na mfuko wa machungwa ya mgonjwa, nikamkuta keshazikwa. Wakanambia wamenionea huruma, nisije nikalia njia nzima. Huruma ya aina hiyo naichukia mpaka leo.

Kwa hiyo mama alipotuita jikoni mimi na kaka yangu, Jumamosi moja mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilijua tutagombana. Kaka alikuwa amepigiwa simu kazini kutoka Dubai. Mtoto wa jirani yetu, aliyekuwa akifanya kazi huko, amekufa kwa ajali ya gari, na rafiki yake, aliyepiga simu, aliogopa kumpasulia mama mtu habari kama ile. Akatuachia sisi.

Jirani yetu alikuwa mjane wa Kibaniani. Marehemu mumewe aliuza nguo sokoni. Mwenyewe alizaliwa Unguja kama mama, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Yeye na mama waliitana dada, mimi nikimwita khalati, yaani mama mdogo, na kutwa walikuwa pamoja, wakiteta watu. Yule kijana ndiye mwanawe wa pekee. Mwaka uliopita aliugua manjano hata akakatiwa tamaa, na mama yake akaweka nadhiri: akipona, atapeleka maziwa kwenye hekalu la kale la Mabaniani kule Maskati, amwagie mungu wake kwa mkono wake mwenyewe. Kijana akapona. Safari ya kutimiza nadhiri ilikuwa Jumatatu, na kaka ndiye wa kumpeleka.

"Mwacheni akaiondoe nadhiri yake kwanza," mama alisema. "Akirudi, akishatia kitu tumboni, tutamwambia. Msiba haukimbii."

"Anakwenda kushukuru kwa uhai wa maiti, mama!"

"Wallahi ukifungua mdomo, mimi si mama yako."

Nikaufunga. Lakini Jumatatu alfajiri nilipanda garini na mimi.

Njiani, Al Kamil, tulisimama kwa mkulima mwenye ng'ombe, khalati akajaziwa maziwa kwenye themosi mpya. Mwenyewe hakuonja hata maji, alikuwa amefunga. Alikaa nyuma pamoja nami, themosi kaipakata, akinihadithia harusi. Alishampatia mwanawe mchumba huko Gujarati, msichana mwenye macho mazuri na pua mbaya.

"Pua itazoeleka," alisema, akacheka.

Mimi nikawa natazama mawe ya nje. Nilitamani gari liharibike.

Tulipoipita Ibra nilimuuliza, kwa kutafuta la kusema tu, kwa nini mwaka juzi hakwenda hekaluni na wenziwe wote walikwenda.

"Umesahau, mwanangu? Mume wangu alikuwa kafa wiki ile. Kwetu sisi mfiwa ana uchafu wa msiba. Siku kumi na tatu haingii hekaluni, hagusi cha ibada. Hata taa ya ibada ya nyumbani kwangu sikuiwasha. Ningelikwenda, ningelimnajisi Mungu wangu. Haramu kubwa hiyo."

Kaka alinitazama kwenye kioo. Mama hakulijua jambo lile. Miaka yote ya udada wao, na hakulijua. Njia yote iliyobaki nilikuwa nahesabu maneno ya kusema na kuyaacha.

Maskati kaka aliegesha karibu na lango la hekalu. Khalati alivua makubadhi, akanawa miguu, akaninyooshea mkono nimpe themosi. Kaka akaninong'oneza, "Mwache aingie, dakika mbili tu, khalas."

Nilimshika mkono. "Khalati, usiingie."

Alicheka. Alidhani dini yangu ndiyo inayonifanya nimkataze.

"Mwanao amefariki, khalati. Dubai, kwa ajali ya gari. Jumamosi."

Alirudi nyuma kutoka kizingitini, kidogo kidogo, mpaka mgongo ukagusa gari.

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Jana nimewasha taa. Leo pia nimewasha. Mama yako alikuja jana akanikuta mbele ya taa, akakaa akaningoja nimalize."

Mzee wa hekalu alitoka, akamuuliza, akaambiwa. Alizungumza naye kwa lugha yao, kwa upole. Khalati alinigeukia.

"Anasema asiyejua hana lawama. Na kweli. Lakini nyinyi mlikuwa mnajua."

Kisha aliichukua themosi kwangu, akamnyooshea yule mzee, amwagie yeye kwa niaba yake. Mzee alitikisa kichwa, hakuipokea. Kilichotoka mkononi mwa mfiwa hakiingii ndani. Hapo ndipo khalati alipokaa chini, juu ya vumbi, akalia kwa sauti iliyowafanya wapita njia wasimame. Nilikaa naye. Kaka alisimama tu na funguo mkononi, hajui aziweke wapi.

Jioni mama alikuwa mlangoni akitungoja, wali umeshapikwa. Aliponiona uso alifahamu. Akamwendea mwenziwe na mikono wazi. "Dada, tulikuonea huruma."

Khalati alimjibu kwa Kiarabu, kile cha dukani anachojibiwa mwenye duka: shukran, hahitaji kitu. Akaingia kwake, akafunga mlango.

Alikaa Sur miezi michache tu kabla ya kuhamia India kwa nduguze, na muda wote huo mama hakupata kwake neno la Kiswahili hata moja, wala salamu kupitia kwangu. Mimi alinisemesha kama zamani. Nilikuwa nikienda kumtazama kila jioni, na nikirudi namkuta mama ukumbini, hata taa hajawasha, akiniuliza, "Kasemaje dada yangu leo?"

"Anakusalimu," nilimwambia.