Pindashingo wa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa na wivu usiopumzika. Wanawake wengine huwaonea wivu waume zao. Yeye aliuonea wivu mtama.

Kila jirani alikuwa na mtama wake: mwekundu mchungu ambao ndege huutema, mweupe wa unga laini, mfupi unaowahi kukomaa kabla mvua haijakatika. Wa shangazi uliitwa Pindashingo. Suke lake liliinama kama mtu anayetafuta sindano chini, ndege wakakosa pa kutua. Mbegu aliachiwa na bibi, na hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Mama yangu, wifi yake, akaomba mbegu. Shangazi alicheka mpaka jino la mwisho likaonekana. "Wewe wifi ni wa kunyimwa?" Kisha akaingia jikoni, akazipitisha mbegu kwenye kikaango, moto mdogo, zisibadilike rangi. Shoga yake alikuwa hapo akipepeta.

"Ameshanichukulia kaka yangu," shangazi alimwambia. "Sasa anataka na mtama."

Mbegu hazikuota. Msimu wa pili mama akaomba, akapewa bakuli zima, hazikuota. Wa tatu vilevile. "Wifi, mkono wako si wa kupanda," shangazi alimwambia kwa huruma ya uongo, akarudi kwake roho imemtulia. Msimu wa nne, baada ya yule shoga kupita kwetu kusalimia, mama hakuomba. Shangazi alidhani amekata tamaa.

Baada ya mavuno, paa la jiko likavuja. Chungu cha mbegu kikajaa maji, na shangazi alipokuja kukifunua, Pindashingo wote ulikuwa umeoza. Alilia kuliko siku aliyozikwa bibi. Akazunguka nyumba kwa nyumba kutafuta japo suke moja, lakini kila aliyewahi kumwomba alikuwa amepewa kutoka kikaango kilekile.

Mwisho akafika kwetu. Alisimama mlangoni, kilemba kimelegea, hajui aanzie wapi.

"Wifi, zile nilizokupa... hazikubaki hata punje?"

"Hazikuota, wifi. Si uliniambia mkono wangu mbaya?"

Shangazi akatazama chini. Mama alikuwa na haki ya kucheka, na mimi ningecheka. Yeye aliingia ndani, akatoka na bakuli la mtama mweupe, ule wa kila mtu, akamkabidhi.

"Panda huu," alisema. "Sijaukaanga."