Hoteli ya Bi Mwajuma, Mabatini

Siku yangu ya kwanza kazini, Bi Mwajuma hakuniuliza kama najua kupika. Alinionyesha sufuria ya wali, akasema, "Palia." Kupalia, wajukuu zangu, ni kuweka makaa juu ya mfuniko ili wali uive kwa moto wa juu na wa chini. Makaa yakizidi, unaungua. Yakipungua, unabaki na kiini. Mimi niliuunguza. Alikwangua ukoko, akautafuna taratibu, akasema, "Kesho utapunguza."

Ndivyo nilivyoanza upishi katika hoteli yake pale Mabatini, yeye na mumewe wakiwa ndio mabosi. Tulikuwa na meza moja ndefu ya mninga. Fundi cherehani alikaa bega kwa bega na mkulima aliyeleta mgonjwa hospitali kutoka kijijini. Bi Mwajuma alipakua samaki sato wa kuunga huku akiuliza, "Mgonjwa kaamkaje?" Aliyejibu kwamba hali si nzuri aliongezewa mchuzi bila kuomba.

Miaka ya tisini, biashara huria iliporuhusiwa, mumewe alifariki, naye miguu ikaanza kumsumbua. Akauza. Tajiri aliyenunua akaweka meneja. Meza ndefu ikatolewa, vikaja viti vya plastiki na televisheni iliyotundikwa ukutani. Mimi nikahamishiwa kwenye karai la chipsi.

"Meneja," nilimwambia, "wateja wetu wamezoea kukaa na kuongea."

"Mama Neema, huyu akikaa sana, mwingine ataketi wapi?"

Hakuwa mkorofi. Hoteli ilijaa kuliko zamani, ila watu walikula macho yakiwa ukutani. Mzee Masanja, fundi baiskeli aliyekula kwetu tangu ujana wake, alikuja mara moja tu baada ya mabadiliko hayo. Alimaliza sahani, akaja kuniaga kwenye dirisha la jikoni kama mtu anayesafiri.

Adhuhuri moja Bi Mwajuma akaingia, akiegemea fimbo. Nilimpelekea chipsi mwenyewe, nikiona haya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapa."

"Haturuhusiwi kukaa na wateja."

"Basi simama." Alikula zote, akapangusa vidole. "Viazi umevikaanga vizuri. Lakini mbona umekonda hivi? Mimi mwenye hoteli nimeondoka, mwanangu. Wewe unangoja nini?"

Mwisho wa mwezi nikaaga, na meneja akanishukuru vizuri tu. Nikapata kazi katika shule ya bweni huko Mkolani, nikapikia wanafunzi mpaka nilipostaafu. Nilinenepa tena.

Mtu akiniuliza kama hoteli ile iliharibika, namwambia iliendelea kulisha watu wengi, ila haikuwajua.

Siku hizi binti yangu ndiye mpishi wa nyumba. Amenikataza kusogelea jiko, nami namtii. Nakaa kibarazani hapa Igoma, sahani inaletwa inatoa moshi, nami nakula polepole. Miaka yote ile ya kazi, chakula changu nilikila kimepoa.