Mbwa wa Upande wa Kushoto

Mama alinipa neno moja tu: mbwa akijifunza adabu abaki, asipojifunza, yeye mama atahamia kwa kaka yangu Sharjah. Nilijua hatanii, maana alishaanza kukunja mitandio yake.

Mbwa mwenyewe sikumtafuta. Aliachwa na jirani aliyerudi kwao ghafla: jike, rangi ya mchanga, miguu mirefu, hatulii. Nilishindwa kumfungia mlango. Nyumba yetu ya hapa Al Twar, jirani na Sharjah, ni ya watu wa Unguja tangu enzi za babu, na mbwa hajawahi kukanyaga hata kizingiti. Mama akasema malaika wa rehema hawaingii penye mbwa. Kila alipolambwa mkono aliuosha mara saba, moja kwa mchanga, huku akinitazama mimi.

Ndipo nikajiandikisha kwenye rali ya mbwa. Hakuna gari humo. Sakafuni vimepangwa vibao, kila kimoja na amri yake: geuka kulia, zunguka koni, simama na mbwa akae. Unavifuata mbwa akiwa kushoto kwako, unaongea naye mpaka koo likauke, lakini kumgusa ni marufuku. Niliposikia hilo nilicheka peke yangu. Mchezo huu, nikasema, kautunga Mshafii kama mama, anayeogopa najisi ya mbwa.

Tatizo, mimi pia situlii. Chai nakunywa nimesimama, mswaki napiga huku natafuta funguo. Siku ya kwanza, ndani ya ghala lenye kiyoyozi, nilivipita vile vibao mbiombio, mbwa akaangusha koni na kunizungushia kamba magotini. Mwalimu, mama mmoja Mkenya mpole, akanisimamisha.

"Sista, hiyo dog haina shida," akasema. "Inafuata miguu yako, na miguu yako haijui kusimama."

Niliudhika, na njia nzima nikawa namjibu kimoyomoyo. Lakini alisema kweli.

Tukafanya mazoezi nyumbani, kwenye korido ndefu inayotoka chumba cha mama hadi sebuleni. Natembea, nasimama, nangoja akae. Kungoja kulinitesa kuliko kazi yoyote ya ofisini. Ila polepole akashika: nikisimama, anakaa, bila neno. Kisha akaanza kumfuata yeyote apitaye pale, hata mama. Mwanzoni mama alimfukuza kwa kanga. Baadaye akaona mbwa anaacha nafasi, na ni mkavu, na mkavu kwa mkavu hakuna najisi. Mitandio ikarudi kabatini.

Mimi nikavimba kichwa, nikaanza kuota mashindano.

Ijumaa moja nilikuwa jikoni, simu sikioni, kitambaa mkononi, nikamwona mama anakuja mezani kupitia korido, mbwa kushoto kwake. Mbwa akakaa. Akainuka, akaenda kidogo, akakaa tena. Hawajafika mlangoni, akakaa tena. Nikapandwa na hasira. Kazi yote ile, na sasa anakaa ovyo anapojisikia. Nikakata simu, nikatoka kumrekebisha.

Nikaukuta mkono wa mama umeegemea ukutani, na mdomo wake wazi unatafuta hewa.

Mbwa hakukosea hata kidogo. Alikuwa anakaa kila mama aliposimama, na mama alikuwa anasimama kila mahali katika korido ambayo mimi huipita bila kuiona.

Nikamuuliza tangu lini. Akajipangusa uso kwa ncha ya kanga, akasema ni tangu kabla ya Ramadhani, na kwamba hakutaka kunisumbua, maana kila akitaka kusema mimi nishafika mlangoni. Halafu akamtazama mbwa.

"Nani kakwambia?" akauliza. "Huyu?"

Nikamwambia ndiyo, huyu. Akageuza uso, na hofu ya kumpoteza ikanishika pale pale, nikawa sina pa kukimbilia.