Mkono wa Jumatano

Kwa wiki sita, kila Jumatano saa kumi alasiri, mpiga pasi mmoja wa hospitali aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa katikati ya rafu za mashuka, simu mkono wa kushoto, mkono wa kulia ameunyoosha juu. Wiki ya saba akapewa karatasi yenye mistari miwili. Amehudhuria vipindi vyote. Hakushiriki.

Wenzake humwita Mvuke, kwa kuwa hutokea nyuma ya mtu bila kishindo. Ni mtu wa maneno machache, na chumba cha kufulia hakihitaji mengi. Mashine zote zikinguruma kwa pamoja, ukipiga kelele unajisikia mwenyewe tu. Kwa hiyo watu wa humo huongea kwa mikono. Ngumi kifuani: zima mashine. Vidole viwili begani: shuka lina doa, lirudi. Viganja vikisuguana kisha vikaachana: zamu imekwisha, twende nyumbani. Na mkono ulionyooshwa juu maana yake ni moja, nina jambo, nitazame. Katika miaka kumi na mmoja Mvuke hajawahi kuinua mkono humo ndani ukaachwa ukining'inia.

Mkewe alifariki mwaka jana akamwachia binti wa miaka minane, na tangu siku ya mazishi binti huyo hajatamka neno. Mvuke alibadilisha zamu mara tatu ili awe nyumbani mtoto anapotoka shule. Hata hivyo alasiri moja alichelewa, na jirani akamkuta mtoto ameketi nje ya mlango, mvua inamnyeshea, ufunguo anao mfukoni na kuingia hataki. Ustawi wa jamii wakaandika. Mtoto akapelekwa kwa shangazi yake, upande wa pili wa mji. Sharti la kumrudisha lilikuwa moja: baba amalize darasa la malezi la mtandaoni, la bure, apate cheti.

Hakubisha. Alijaza fomu iliyomsalimu "Mpendwa Mama", akatumiwa kiungo, akatumiwa masharti pia. Kamera iwe wazi muda wote. Mahali pawe kimya. Mtoto asiwepo chumbani. Sharti hili la mwisho alilisoma mara mbili, akacheka kicheko kisicho na furaha yoyote.

Mahali penye ukimya kidogo hospitali nzima, kwake yeye, palikuwa stoo ya mashuka. Msimamizi wa chumba cha kufulia, mama mnene mwenye miwani shingoni ambaye wote humwita Bi Mashuka, alimpa ufunguo wa stoo na saa moja kila Jumatano.

Darasa lenyewe halikuwa baya, na hilo ndilo lilimuuma zaidi baadaye. Mwalimu alikuwa na sauti ya upole na picha za kupendeza. Lakini siku ya kwanza kabisa mzazi mmoja alitangaza vifaranga anaowauza kwenye sehemu ya ujumbe, wengine wakauliza wanapatikana wapi, basi mwalimu akaifunga sehemu hiyo moja kwa moja. Vipaza sauti akavizima vyote. "Mwenye swali anyooshe mkono," akasema.

Mvuke akanyoosha mkono.

Wazazi walikuwa wengi, kila mmoja ndani ya kijisanduku chake, na kioo cha mwalimu kilionyesha visanduku tisa tu kwa wakati mmoja. Mvuke alikuwa ukurasa wa tatu. Kumbe mkono uliotakiwa ni ule wa kubonyeza, kialama kidogo cha manjano kilichojificha chini ya vitone vitatu. Hakuna aliyemwambia. Aliona wengine wakiitwa, akadhani ni zamu, naye kungoja zamu amekuzoea.

Bi Mashuka alikuwa akichungulia. "Umeitwa leo?"

"Bado."

"Badilisha mkono basi, huo umechoka. Au uvalishe glavu nyekundu."

"Atafika tu, Bi Mashuka."

"Na zamu yetu nayo itafika mwisho."

Kipindi cha nne kilihusu kusikiliza. "Mtoto asiyesikilizwa," mwalimu alisema polepole, ili waandike, "mwisho wake hunyamaza." Mvuke aliandika. Mkono wa kulia ulikuwa juu, kwa hiyo aliandika kwa wa kushoto, simu ameiegemeza kwenye foronya. Alipokuja kuusoma mwandiko ule, ulifanana na wa binti yake alipokuwa chekechea.

Ndipo ikaja ile karatasi. Hakushiriki, kwa hiyo hana cheti, kwa hiyo mtoto abaki kwa shangazi mpaka darasa lijalo, miezi minne mbele.

Siku iliyofuata, saa ya mapumziko, alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Bi Mashuka alikwenda naye bila kualikwa, aproni kiunoni.

Afisa alikuwa mwanamke mdogo, mwenye adabu, aliyezungukwa na mafaili. "Baba, nakuelewa. Lakini mfumo unaonyesha hukunyoosha mkono hata mara moja."

"Nimenyoosha wiki sita."

"Mfumo unasema sifuri."

"Mwanangu," Bi Mashuka aliingilia, "mimi nimemwona kwa macho haya."

"Mama, ushahidi wa mtu hauna pa kuingizwa. Hamna nafasi ya kuandika."

Bi Mashuka alivaa miwani yake, si kwa hasira, bali kama mtu anayetaka kukagua shuka. Hakumtazama afisa. Alitazama ukutani nyuma yake, palipobandikwa tangazo jipya linalong'aa: Jiunge na darasa la malezi, ni bure. Chini ya maneno hayo palikuwa na picha ya darasa likiendelea, visanduku vya wazazi wakitabasamu. Pembeni chini, katikati ya mashuka meupe, mtu mwembamba ameinua mkono.

"Huyo ni nani?" aliuliza.

Afisa aligeuka. Alisogea karibu na tangazo, akamtazama Mvuke, akalitazama tena. Mvuke naye alikuwa hajaliona. Alijitazama mwenyewe ukutani.

"Kwa hiyo walinipiga picha," alisema. "Picha waliona inafaa. Mkono hawakuuona."

Afisa alimpigia mwalimu simu, akaifungulia sauti. Mwalimu aliomba radhi vizuri sana, akaeleza habari ya kurasa, akaeleza habari ya kialama cha manjano. Mvuke akamkatiza, na huenda ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumkatiza mtu.

"Mwalimu, sikuja kudai picha. Nilikuwa na swali. Mtoto amenyamaza tangu mama yake afariki. Mimi baba yake nianzie wapi?"

Bi Mashuka alivua miwani.

"Swali zuri," mwalimu alisema hatimaye.

"Wiki sita lilikuwa zuri vilevile."

"Baba... sina jibu la haraka. Kama ungeniuliza siku ile, tungelitafuta pamoja."

"Ndiyo hiyo siku niliyokuwa naitaka."

Afisa alikata simu. Akachukua ile karatasi, akakata neno hakushiriki kwa kalamu ya wino, akaandika juu yake ameshiriki, mtoto arudishwe, akapiga muhuri. Nafasi ya kuandika, kumbe, ilikuwepo.

Mvuke hakushukuru. Aliikunja karatasi, akaenda moja kwa moja kwa dada yake bila kubadilisha nguo za kazi.

Binti alikuwa uani, ameketi juu ya ngazi. Alimwona baba yake getini, hakusimama. Mvuke naye hakuita. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, yote yakamkauka. Basi akanyoosha mkono juu.

Mtoto alikuwa ameshinda likizo nyingi katika chumba kile cha kufulia, ameketi juu ya marobota akiwaangalia watu wazima wakiongea. Alimtazama baba yake, akautazama mkono. Kisha akasugua viganja vyake viwili, akaviachanisha.

Akaenda ndani kuchukua mkoba wake.