Alama ya Mkaa na Mafuta ya Breki

Wiki iliyopita mjukuu wangu alitandika gunia uani, akaanza kupanga vitu juu yake kama anayepanga vyombo vya bi harusi. Plagi nne ndani ya vijisanduku vyao. Filta ya oili. Chujio la hewa. Galoni la oili, chupa ya kulanti ya kijani ya kupozea injini, na kichupa kimoja kidogo cha mafuta ya breki. Mimi nilikuwa nimejinyoosha barazani na goti langu bovu. Nilipokiona kile kichupa, mwenzangu, nikainuka bila kuitwa.

Huyu binti amenunua kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilichokwisha kutumika. Anataka kubebea mwani wa akina mama na mizigo ya watu wa hapa Miburani. Fundi aliyemtengenezea mara ya kwanza alimrudishia plagi zile zile za zamani, zimesuguliwa kwa msasa, akamwambia ni mpya. Akaapa kwamba safari hii atafanya mwenyewe. Amesoma kwenye simu na kuuliza huku na huku, akaandika orodha. Nilimpenda kwa hilo. Mtu asiyemwamini fundi ana damu yangu.

Basi nikaketi kwenye kigoda nikaanza ukaguzi. Shule yangu iliishia darasa la pili, maandishi nayasoma kwa kuhesabu herufi, lakini pua na vidole havihitaji shule. Nikazitoa plagi zote nne, nikazipanga juani. Moja weupe wake ulikuwa umefifia kidogo. Nikamwonyesha. Akaitazama, akaiweka kando. Chujio la hewa nikalikung'uta, kama lina vumbi basi limeshavuta hewa ya mtu mwingine. Oili nikaichovya kidole, nikaisugua, nikainusa.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "hiyo si samli."

"Samli ningekuwa nimeshakwambia imechanganywa na nini."

Akacheka. Kulanti sikuielewa kabisa, nikamwambia hayo ni maji ya rangi ya kutengenezea barafu za watoto. Akanieleza kwamba maji matupu ya kisima chetu yana chumvi, yanakula rejeta kwa ndani. Hapo nikakubali, maana kweli sufuria zangu zimeliwa hivyo hivyo. Kisha mkono wangu ukaenda kwenye kile kichupa.

"Hiki umekinunua kwa nani?"

Akalitaja duka. Mwanangu wa kiume, mjomba wake, alikuwa anapita na ndoo, akaitua chini kwa kishindo.

"Kwa wachanganyaji?" akasema. "We mtoto una wazimu? Kwa vitu vyote, breki? Wale watu babu yao nusura aue watu kwa kuchanganya mafuta. Muulize Bibi yako, baba yake ndiye aliyekuwa anaendesha!"

Wote wawili wakanitazama mimi.

Majina ya watu hawa wote ninayo, wa duka, wa lori, mpaka jina la punda wa jirani. Lakini wana watoto na wajukuu hapa hapa Mafia, kwa hiyo nitawaita kwa kazi zao, nawe utaniwia radhi.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa dereva wa lori la tajiri wa mashamba, mtu mwenye minazi mpaka hujui inaishia wapi. Baba alikuwa akichukua mbata, nazi zilizokaushwa, huko Bweni, kwenye njia inayotingisha mifupa, akizileta Kilindoni kwenye banda la tajiri. Siku za lori tulilijua kwa harufu kabla ya mlio. Harufu ya mbata ni nzito, tamu kidogo, inakaa kwenye nguo mpaka Ijumaa nyingine. Baba alirudi nyumbani ananukia hivyo, na mimi nikilala nikiinusa kanzu yake iliyotundikwa.

Tuliishi na bibi yangu mzaa mama. Huyo ndiye aliyenifunza kushuku. Mafuta ya nazi alipika mwenyewe. Tulikuna nazi tangu asubuhi, mimi kwenye mbuzi yangu ndogo, tukakamua tui, likachemka mpaka mashapo yakawa rangi ya kahawia na mafuta yakaelea juu, safi kama machozi. Aliyatia kwenye chupa, kisha alichukua kipande cha mkaa akachora mstari mahali mafuta yalipoishia. Kila akimimina kidogo, alifuta mstari na kuchora mwingine. Jirani alimuuliza siku moja, je, anamwogopa nani, na ndani ya nyumba ni wanawe na wajukuu? Bibi akajibu, "Hao hao."

Mwaka ule fundi wa lori alihamia Dar es Salaam, na tajiri hakuleta mwingine. Baba akasema atalitengeneza lori mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Nakumbuka alivyotandika turubai pale uwanjani petu, kama mjukuu wangu na gunia lake. Plagi alizisugua kwa brashi ya meno akaziosha kwa petroli. Oili aliichuja kwa kipande cha kanga ya mama, na mama akanuna siku mbili. Jirani zetu walikuja kutazama, kila mmoja na shauri lake. Ilipofika zamu ya breki akakuta mafuta hayatoshi. Akanipa chupa ya soda tupu na kizibo cha gunzi, akanituma Kilindoni, dukani.

Mwenye duka alikuwa mtu mkimya, anavaa miwani yenye uzi. Alikuwa na kopo kubwa la mafuta ya breki. Alilifungua mbele yangu, akamimina kwa faneli mpaka shingoni mwa chupa, akakaza kizibo, akaifuta chupa kwa kitambaa chake. "Mpe baba," akasema. "Usicheze njiani."

Nikacheza njiani. Nilikuta wenzangu wanacheza mdako, nikaitegemeza chupa kwenye mzizi. Zamu yangu ilikuwa nzuri, kokoto zilikuwa zinanitii. Niligeuka nikaona chupa imelala, gunzi liko kule, na mchanga unakunywa. Ilibaki nusu.

Sikulia. Niliwaza. Nilipitia nyuma ya nyumba, nikaingia jikoni, nikachukua chupa ya bibi nikajazia. Rangi ilikuwa inakaribiana. Mafuta ni mafuta, ndivyo nilivyojiambia. Yale mawili yalikataa kuungana, moja likakaa juu ya mwenzake, basi nikatikisa kwa nguvu mpaka yakawa kama maji ya kuoshea mchele, nikakimbia nayo kabla hayajaachana.

Baba alikuwa mvunguni mwa lori, miguu tu nje. Akatoka, akaiinua chupa juani.

"Mbona yana ukungu?"

"Ndivyo alivyonipa," nikasema.

Maneno mawili hayo. Baba akaguna, jua lilikuwa linashuka, akamimina.

Sasa ujue ilikuwa kipupwe. Wewe uliyekulia pwani unakumbuka asubuhi za kipupwe, unavyojifunika kanga mbili, na mafuta ya nazi ndani ya chupa yanakuwa meupe, magumu kama nta, mpaka uyaweke juani au uyachokoe kwa kijiti ndipo ujipake. Jioni ile lori lilijaribiwa, likasimama vizuri, watu wakampongeza baba. Usiku ukaingia baridi. Alfajiri baba na utingo wake waliondoka na shehena, wakafika mpaka Kilindoni kwenye mteremko wa kwenda bandarini, na hapo baba akakanyaga breki.

Kanyagio likagoma kwanza, kisha likaenda mpaka chini. Lori likashuka na mbata zote, likapiga ukuta wa banda la tajiri likaingia ndani. Baba alichanika paji la uso. Utingo aliruka, akavunjika mguu, na tangu siku hiyo alitembea akiuburuta mpaka alipokufa.

Mafundi wa bandarini walifungua kikopo cha mafuta ya breki cha lori. Wakakuta vibonge vyeupe. Mmoja akavinusa. "Nazi," akasema.

Hakuna aliyeniuliza mimi. Kwa nini waniulize? Mwenye duka alikuwapo, na mwenye duka siku zote ana sababu ya kuchanganya. Alitolewa dukani kwake. Aliapa mbele ya msikiti, na msahafu mkononi, kwamba mafuta yake yalitoka kwenye kopo safi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, nimeshika pindo la baibui lake. Nilimsikia mtu akisema, "Mwangalie, hata kuapa anathubutu." Na yeye akazungusha macho kwenye umati, akaniona. Alinitazama kwa kitambo. Hakuninyooshea kidole. Mpaka leo sijui kama alijua, au alikuwa anamtazama mtoto yeyote tu.

Baba alinyang'anywa ufunguo wa lori. Akarudi kuangua nazi, kazi aliyoiacha ujanani, na harufu yake ikawa nyingine. Duka likakosa wateja. Familia ile ikapewa jina, Wachanganyaji, na jina likarithiwa kama shamba. Ukoo wetu haukununua kwao hata kibiriti.

Na bibi? Asubuhi ile ya ajali, kelele zikiwa bado uwanjani, niliingia jikoni nikamkuta ameshika chupa yake. Mafuta yalikuwa yameganda meupe, na mstari wa mkaa uko vidole vinne juu yake. Akautazama mstari. Akanitazama mimi. Kisha alilowesha kidole kwa mate, akaufuta mstari wa juu, akachukua mkaa akachora mwingine mahali mafuta yalipokuwa. Akarudisha chupa mahali pake, akatoka kwenda kuwatuliza watu. Hakulisema jambo lile mpaka anakufa. Kwa miaka mingi nilidhani alinihifadhi. Siku hizi nikikaa peke yangu nashuku kwamba aliniachia nibebe mwenyewe.

Basi ndiyo maana mimi ni mtu wa kunusa kila kitu. Wanangu wanasema mama yetu hamwamini mtu. Wanadhani nimejifunza kwa ubaya wa mwenye duka.

Turudi uani. Mjukuu wangu alikwisha simama, kichupa mkononi, kanga ameifunga kiunoni. "Nakirudisha," akasema. "Na nitamwambia mbele za watu ajue tunamjua."

"Hapo sawa!" mjomba wake akasema.

"Kaa chini," nikamwambia. "Niletee bakuli la maji."

Alikaa. Nilifungua kichupa mwenyewe, na kizibo kikakatika pete yake kama kitu kisichowahi kufunguliwa. Nikadondosha matone kwenye maji. Sikiliza, mafuta ya kupikia hata yawe kidogo kiasi gani, yataelea yatengeneze macho. Haya hayakuelea. Yalizama, yakayeyuka, maji yakabaki maji. Ndivyo yalivyo mafuta ya breki ya kweli. Nilijifunza hilo ukubwani, na nilipojifunza nilikosa usingizi.

"Ni safi," nikasema. "Na ya yule babu wa dukani yalikuwa safi."

Nikawaambia. Mdako, gunzi, jikoni, maneno mawili. Mwanangu alikaa juu ya ndoo yake. "Mama," akasema mwishowe, "hayo ya zamani. Wenyewe wamekwisha kwenda. Yaache yalale." Mjukuu wangu alikuwa akikizungusha kizibo vidoleni.

"Yule wa dukani," akasema, "aliniuliza mimi wa nyumba gani. Nilipomwambia, alikwenda ndani akanitolea kingine, kipya zaidi. Nikadhani ananifanyia hila."

Tukafanya kazi siku nzima. Plagi ile iliyofifia hakuifunga, alikwenda kubadilishiwa nyingine bila maneno. Ilipofika breki alihitaji mtu wa kukanyaga huku yeye yuko mvunguni na spana, akitoa hewa. Nikapanda mimi. "Kanyaga, Bibi! Shikilia! Achia!" Goti linauma, lakini nilikanyaga. Mara ya kwanza kanyagio likaenda mpaka chini, na moyo wangu ukaenda nalo. Mara ya kumi likawa gumu chini ya wayo, linanisukuma. Akanionyesha kikopo cha plastiki chini ya boneti. Kina mistari miwili ubavuni, mafuta yasizidi huu, yasipungue ule.

"Nani kaichora?" nikauliza.

"Kimetoka nayo kiwandani."

Kumbe hata huko wana bibi.

Lile banda la mbata halipo tena, ukuta wake watu wamejengea misingi ya nyumba. Lori liliozea kwenye nyasi, tukachezea usukani wake mpaka nao ukaibwa. Harufu ya mbata siku hizi naipata mara moja moja, nageuka kumtafuta baba. Wasichana hawachezi mdako. Mafuta ya nazi wananunua kwenye chupa zenye picha. Vyote vile vya utoto wangu vimekwenda, vizuri kwa vibaya, na katika vyote uongo wangu ndio uliobaki mzima, una jina, na watoto wanaujua.

Jana nilivaa baibui nikamwambia mjukuu wangu anipeleke Kilindoni. Mjomba wake alitutazama tukitoka. Kwenye ule mteremko nilishika dashibodi kwa mikono miwili. Akakanyaga breki, na gari likasimama mbele ya mlango wa duka, taratibu, bila kelele.

Kijana alikuwa kwenye kaunta, anafuta chupa kwa kitambaa. Vile vile kama babu yake, chini kwanza, kisha shingo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu. Nikupe nini?"

Nikaomba kiti. Akaizunguka kaunta, akanivutia stuli yake mwenyewe, akaipangusa. Nikaketi, nikashika mkono wake asiondoke.

"Babu yako alijaza chupa mpaka shingoni," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyetumwa."