Nilipeleka mnunuzi Kabazi achukue Peugeot 504 ya marehemu mzee

Wakuu, habari za jioni. Leo nawaletea aibu yangu mwenyewe, na sijaongeza chumvi hata punje. Nacheka nikiandika, kwa hivyo typing mtanisamehe.

Kwetu ni Kabazi. Nyuma ya boma kuna Peugeot 504 station wagon, rangi ya chai ya maziwa, imepaki kwenye mteremko na mawe mawili mbele ya matairi. Tangu nipate akili naijua kama gari ya mzee, baba yangu. Sebuleni kuna picha yake: ameshika steering, kiwiko nje ya dirisha, anatabasamu kama chifu.

Mzee alikuwa anafanya kazi kwenye stima ya mvuke Olkaria, na alituacha nikiwa class two. Mimi naishi Nakuru, nyumbani naenda Christmas na Easter, na kila nikienda naikuta pale pale. Nikajiambia hicho ni chuma tu.

Mwezi jana nikapata mnunuzi. Jamaa wa Njoro, anaitwa Kiprono, mgonjwa wa hizi gari za zamani. Nikamwambia aje na breakdown, lile lori la kuvuta magari, maana engine ilikufa na mwenyewe. Mathe, yaani mama yangu, sikumwambia kitu. Nilitaka iwe surprise, nafasi ikibaki nimjengee ng'ombe wake nyumba nzuri.

Jumamosi tukafika. Kiprono akaizunguka mara mbili.

"Boss, mbona matairi iko na upepo?"

Nikamjibu kwamba zamani watu walikuwa wanatengeneza vitu vya nguvu. Mnicheke tu, wakuu.

Mathe akatoka jikoni akijipangusa mikono. Nikamweleza. Akamwangalia Kiprono, akaangalia breakdown.

"Sasa huyu mgeni atabeba gari na hajaisikia ikinguruma?" akasema. "Kamau, toa hayo mawe."

Nikatoa. Akaingia, akaachilia handbrake. Gari ikateremka kimya katikati ya kuku, ikakohoa mara moja, ikashika. Pale kwa gate akapiga honi, akapotea na barabara ya Subukia.

Mimi nilibaki nimeshika jiwe.

Kiprono alicheka mpaka akakaa kwa nyasi. Tukimngoja, akanipa history. Kumbe hawa watu wa Peugeot walianza na misumeno na vinu vya kusaga kahawa kabla ya kufikiria magari. Yule simba wa nembo ya mbele alikuwa chapa ya msumeno, kwa sababu ya meno. 504 yenyewe ilishinda Safari Rally, ikaundwa hapa kwetu Mombasa, ikabeba madaktari, ma-DO wa serikali na wafanyabiashara, ikapanda mlima wa Sachangwan imejaa watu na magunia. Ufaransa waliacha kuiunda, Afrika ikaendelea nayo. Baadaye zikaja gari za mtumba, ex-Japan, na simba akaishia nyuma ya boma za watu.

"Lakini hii yenu haijaishia mahali," akasema. "Hii iko kazi."

Mathe alirudi baada ya karibu saa nzima, na wamama wawili wa kanisa ndani na gunia la dairy meal ya ng'ombe.

Nikamuuliza alijifunza kuendesha lini.

"Na unadhani ni nani alikuwa anaendesha? Baba yako alikuwa anaogopa clutch. Hii gari nilinunua na pesa ya pareto. Nilikuwa naenda kumchukua stage ya matatu akitoka Olkaria."

"Na ile picha?"

"Gari ilikuwa imezimwa. Alisema nimpige picha akiwa hapo." Akacheka. "Alikuwa amependeza."

Nikamuuliza mbona hakuwahi kuniambia.

"Uliwahi kuniuliza? Unakuja, unakula, unarudi Nakuru. Kabazi yote inajua mimi huenda soko Jumatano."

Hiyo ilinichoma, wakuu.

Akatoa logbook, cheti cha umiliki wa gari, kwa droo. Jina la mwenye gari ni lake, mwanzo hadi mwisho. Kiprono alirudi Njoro na breakdown tupu, na alikuwa na furaha kuliko mimi.

Siku hizi naenda nyumbani kila Jumamosi. Nakaa kiti cha nyuma, maana mbele ni kwa rafiki yake wa kanisa. Nimempiga picha akiwa kwa steering, iko sebuleni kando ya ile ya mzee. Kwa hii yake gari inatembea, ndiyo maana picha imetoka na ukungu kidogo.

Funzo langu ni moja: kabla uuze kitu cha mzee, keti na mathe kwanza, na si Christmas peke yake.

Sasa nyinyi, ile gari mnaita ya mzee huko kwenu, mshawahi kufungua logbook? Semeni ukweli hapa chini.